Vitabu vya kusikiliza tumevinunua kwa fedha halali, mbona pleya ya mzee inavikataa?

#1 Mwana wa Makorora (mleta uzi)
Habari za jioni, wanajukwaa. Baba yangu ni mwalimu mstaafu wa historia, tunaishi naye hapa Tanga, na macho yake yamepungua nuru kwa sababu ya presha ya macho. Kwa kuwa hawezi tena kusoma, dada yetu aliyeko Uingereza amemtafutia vitabu vitatu vya kusikiliza, vyote vya Kiingereza, akavipakua kwenye kompyuta yake na kunitumia. Nimevinakili kwenye memori kadi mpya ya GB 64 na kuichomeka kwenye pleya ndogo yenye vitufe vikubwa, ambayo mzee huisikilizia taarabu na mawaidha akiwa barazani.

Kitabu cha kwanza jina lake linaonekana, lakini ukibonyeza kucheza pleya inaandika kwamba faili halitambuliki. Cha pili hakionekani kabisa, ingawa kwenye kompyuta nakiona kipo ndani ya kadi. Cha tatu kinacheza, ila msomaji anakwenda mbio kwa sauti nyembamba kama kasuku aliyemwagiwa maji ya moto, na mzee ameniuliza kama huyo mtu ana basi la kuwahi. Herufi za mwisho baada ya nukta ni M4B kwa cha kwanza na MP3 kwa cha tatu. Cha pili kina herufi ambazo sijawahi kuziona popote. Taarabu zilizomo kwenye kadi yake ya zamani zinacheza bila tatizo. Tatizo ni pleya, ni kadi, au ni vitabu vyenyewe?

#2 Fundi wa Barabara ya Nane
Karibu jukwaani. Tatizo la kitabu cha kwanza ni la kawaida mno hapa Ngamiani. M4B ni kasha lilelile la MP4 lililoongezewa alama za sura, na sauti iliyomo ndani kwa kawaida imebanwa kwa njia iitwayo AAC, si kwa MP3. Pleya nyingi za bei ndogo zimetengenezwa zifungue MP3 na WAV, pengine na WMA, basi. Jina linaonekana kwa sababu pleya inasoma orodha ya mafaili, lakini ikifika kwenye kuifumbua sauti inakwama.

Ninaomba pia usikubali ushauri utakaopewa mtaani wa kufuta M4B na kuandika MP3 mwishoni mwa jina. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. Ukiandika M4A badala ya M4B kuna nafuu, lakini ni kwa pleya ambayo tayari inaielewa AAC na ilikuwa inashangaa herufi tu.

#3 Mkonge Mkavu
Fundi ameruka hatua ya kwanza. Kadi za zaidi ya GB 32 huuzwa zikiwa zimeandaliwa kwa mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, na pleya ndogo nyingi zinajua mfumo wa zamani wa FAT32 peke yake. Ndiyo maana kadi ya zamani inafanya kazi na hii mpya inaleta vituko. Tafuta kadi ya GB 16 au 32, iandae kwa FAT32, hamisha vitabu, na nina hakika uzi huu utafungwa kesho asubuhi.

#4 Bi Kilindi
Mkonge Mkavu, samahani, ila hesabu yako haifungi. Pleya isiyojua exFAT haioni chochote ndani ya kadi. Ingeandika kwamba kadi haipo au inahitaji kuandaliwa upya. Mleta uzi amesema jina la kitabu cha kwanza linaonekana na cha tatu kinacheza. Pleya iliyoshindwa kuisoma kadi ingewezaje kucheza hata huyo kasuku?

#5 Mkonge Mkavu
Bi Kilindi, ninakubali kwamba kadi inasomeka, lakini bado sijaiondoa kwenye mashaka. Zipo kadi za bandia zilizochezewa ili zitangaze GB 64 wakati ndani zina 8 au chini ya hapo. Unanakili vizuri, majina yote yanaonekana, kisha mafaili yaliyoandikwa baada ya nafasi halisi kujaa yanakuwa maganda matupu. Mimi mwenyewe niliuziwa kadi ya namna hiyo karibu na stendi, na picha za harusi ya mdogo wangu ziligeuka mistari ya kijivu. Kuna programu ndogo iitwayo H2testw ambayo hujaza kadi yote kisha huisoma upya ili kuona kama kilichoandikwa ndicho kinachorudi. Aijaribu kwanza, ndipo tuzungumzie AAC.

#6 Mlinzi wa Kaole
Salamu kutoka Bagamoyo. Naona ndugu zetu wa Tanga mnazunguka mbuyu. Kitabu cha pili, chenye herufi zisizojulikana, kimefungwa kwa kufuli la kidijitali, na hakuna kadi wala fundi wa barabara yoyote atakayekifanya kiimbe kwenye pleya hiyo.

Maduka ya vitabu vya kusikiliza yalikuwa na mafaili yao ya peke yao tangu mwanzo. Audible ya Marekani ilianzishwa mwaka 1995, na kabla ya iPod kuwako ilikwisha kutoa kifaa chake chenyewe kilichobeba takriban saa 2 za sauti. Mafaili yake yaliitwa AA, baadaye AAX, na yalifunguka kwenye vifaa vilivyosajiliwa tu. Pleya za Sansa Clip ziliyakubali AA kwa sababu mtengenezaji wake alipatana na duka. Microsoft nayo mwaka 2004 ilikuja na alama ya PlaysForSure, iliyokusudiwa kumhakikishia mnunuzi kwamba sauti aliyoinunua itacheza kwenye pleya yoyote yenye alama hiyo. Mwaka 2006 ikatoa pleya yake yenyewe, Zune, ambayo haikuyafungua mafaili hayo. Apple iliondoa kufuli kwenye muziki wake mwaka 2009, lakini vitabu vya kusikiliza vikabaki vimefungwa. Kwa hiyo mtu aliyezoea muziki, ambao siku hizi ukiununua unacheza popote, akihamia kwenye vitabu anadhani kifaa chake kimeharibika.

#7 Wakili wa Baraza
Mlinzi wa Kaole amegusa penye kidonda. Neno "tumevinunua" kwenye kichwa cha uzi lina walakini, kwa sababu masharti ya maduka mengi ya aina hii husema kwamba mteja hupewa leseni ya kusikiliza, wala hauziwi nakala. Mwaka 2009 Amazon ilifuta vitabu kutoka kwenye Kindle za wateja waliokwisha kuvilipia, na mkuu wake, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki. Wateja walirudishiwa fedha, na vitabu vikaacha kufunguka. Jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayomtaka muuzaji anayetumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Tusimlaumu fundi kwa jambo lililoandikwa kwenye mkataba ambao hakuna aliyeusoma.

#8 Mkonge Mkavu
Wakili, mzee anataka kusikiliza historia, hataki kufungua kesi.

#9 Mvuvi wa Pangani
Ninaona hakuna aliyejishughulisha na kitabu cha tatu, ambacho kwangu ndicho chenye raha. Muziki wa kawaida huhifadhiwa kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa kila sekunde. Sauti ya mtu anayesoma haihitaji zote hizo, kwa hiyo watengenezaji wa vitabu mara nyingi hutumia nusu yake, yaani 22,050. MP3 ya namna hiyo ni halali kabisa, ila iko kwenye toleo la MP3 liitwalo MPEG-2, na baadhi ya pleya za bei ndogo hazilishughulikii ipasavyo. Zinapokea sampuli 22,050 na kuzitoa kana kwamba ni 44,100, hivyo sekunde moja ya msomaji inamalizika kwa nusu sekunde na sauti inapanda juu. Mueleze mzee kwamba basi analoliwahi msomaji linakimbia mara mbili ya mwendo wake.

Dawa yake ni kulibadilisha faili liwe na sampuli 44,100. Ubora hautaongezeka, lakini pleya itatulia.

#10 Mama Watatu
Kabla hamjabadilisha chochote, kuna mtoto nyumbani? Pleya nyingi zenye vitufe vikubwa zina kitufe cha kuongeza mwendo wa kusoma, kwa ajili ya wanaojifunza lugha au wanaorudia mawaidha. Kwangu nilizunguka na redio kwa mafundi, kumbe mwanangu wa pili alikuwa amebonyeza kitufe hicho na kunyamaza.

#11 Mvuvi wa Pangani
Mama Watatu, hoja yako ina nguvu, lakini kitufe cha mwendo kingeharakisha hata taarabu, ambazo mleta uzi anasema ziko sawa.

#12 Mama Watatu
Amesema zilikuwa sawa kwenye kadi ya zamani. Hakusema kwamba amezijaribu tena leo.

#13 Mwana wa Makorora (mleta uzi)
Ninawashukuru nyote. Nimefanya mliyoagiza kadiri ya uwezo wangu. Nimerudisha kadi ya zamani na taarabu inakwenda kwa mwendo wake, kwa hiyo wajukuu wamesalimika kwa leo. Kitabu cha kwanza nimekiweka kwenye simu yangu, nikakifungua kwa programu ya VLC, na kinacheza vizuri pamoja na sura zake zote. Cha tatu nacho kwenye simu kina mwendo wa kawaida. Cha pili simu imekikataa kama ilivyokikataa pleya. Programu ya kupima kadi bado inaendelea. Naona ni kazi ya usiku kucha.

#14 Fundi wa Barabara ya Nane
Basi cha kwanza hakina kufuli, na kadi, angalau mahali kilipokaa, haikukila. Fuata hivi. Kwenye kompyuta tumia programu ya kubadilisha mafaili iitwayo ffmpeg, au VLC yenyewe kwa sehemu yake ya kubadilisha mafaili, ukitoe kwenye AAC kukipeleka MP3 ya chaneli moja, kiwango cha 64 kbps (kilobiti 64 kwa sekunde), sampuli 44,100. Kwa kiwango hicho saa moja inachukua kama MB 29, hivyo kitabu cha saa 10 hakifiki MB 300, na hata kadi ya GB 8 inabeba maktaba. Kata kitabu kwa sura, kisha uyape mafaili majina yanayoanza na 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 3 pleya nyingi zitaiweka 10 kabla ya 2, na mzee atasikia Vita ya Pili ya Dunia ikimalizika kabla haijaanza.

La ziada, nakili mafaili kwa mpangilio, moja baada ya jingine. Kuna pleya zisizofuata alfabeti wala namba. Zinafuata utaratibu ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi.

#15 Bi Kilindi
Ninaunga mkono namba, lakini kukata kwa sura hakutoshi. Ugomvi mkubwa wa vitabu kwenye pleya za muziki ni kusahau. Wimbo wa dakika 5 ukikatika unauanza upya bila kinyongo, lakini sura ya dakika 50 ikikatika umeme wa betri, mzee asiyeona vizuri atabonyeza kusogeza mbele mpaka kidole kife ganzi. iPod ilipendwa kwa vitabu kwa sababu iliitambua M4B kuwa ni kitabu na ikakumbuka mahali pa kuendelea. Wenye pleya za zamani zinazokubali Rockbox wanaweza kuweka programu hiyo ya bure, nayo ina uwezo wa kuweka alama ya mahali ulipoishia. Pleya ya mzee haionekani kuwa miongoni mwa hizo, kwa hiyo kata vipande vya dakika 10.

#16 Mlinzi wa Kaole
Ukikata kila dakika 10 utakata sentensi katikati, na pleya itaweka ukimya mdogo kati ya kipande na kipande. Mimi nisingeweza kuvumilia.

#17 Bi Kilindi
Wewe una macho ya kutafutia mahali ulipoishia.

#18 Mlinzi wa Kaole
Hapo nimenyamaza. Turudi kwenye kitabu cha pili. Kwa kilichofungwa kuna njia ya kizamani ambayo kufuli haliwezi kuizuia, kwa sababu mwisho wa yote lazima sauti itoke ili sikio lisikie. Dada akicheze kwenye kompyuta yake, achukue waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kirekodi, arekodi. Kitabu cha saa 11 kitachukua saa 11, na simu ikiita au ujumbe ukiingia mlio wake nao utaingia kitabuni. Zamani iTunes iliwaruhusu wateja kuchoma vitabu kwenye CD, na watu wakavirudisha kwenye kompyuta vikiwa havina kufuli. Ilikuwa kazi ya kuchosha, lakini ilikuwa halali kwa masharti ya siku zile.

#19 Wakili wa Baraza
Kaole unamwelekeza dada wa watu kwenye mlango wa mahakama kwa upole sana. Marekani, sheria ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli la kidijitali hata kwa aliyelipia, ingawa kila baada ya miaka 3 hutolewa orodha ya misamaha, na wasioona wamewahi kufikiriwa humo kwa upande wa vitabu vya kielektroniki. Kurekodi kwa waya ni suala jingine, lakini masharti ya duka yanaweza kulikataza.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulio chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki, uliandikwa kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu. Unaeleza kwamba sheria ya nchi inaweza kumruhusu mlengwa, au anayemtunza kwa niaba yake, kutengeneza nakala inayofikika kwa matumizi yake binafsi ikiwa kazi yenyewe ameipata kihalali. Mwana anayemhudumia baba yake anakaribiana sana na maelezo hayo.

#20 Mvuvi wa Pangani
Wakili, kitabu cha kusikiliza si tayari ni nakala inayofikika? Mkataba unazungumzia kukigeuza kitabu kisichosomeka na kipofu kiwe kinachosomeka. Hiki kinasikika, kinachokosekana ni pleya inayokubaliana nacho.

#21 Wakili wa Baraza
Kwa mzee ambaye simu ya kioo hawezi kuitumia, kitabu kinachofunguka kwenye simu ya kioo pekee hakifikiki. Ninajua kwamba mwanasheria wa duka angejibu kama ulivyojibu wewe.

#22 Dada wa Chumbageni
Mimi ninashangaa mnavyojitaabisha. Simu ya mleta uzi iwe na programu ya duka, iunganishwe kwa bluetooth na spika ndogo, mzee asikilize. Kufuli linabaki mahali pake, na hakuna anayevunja wala kurekodi kitu.

#23 Mwana wa Makorora (mleta uzi)
Dada wa Chumbageni, nilifanya hivyo wiki iliyopita. Nikienda kazini simu inakwenda nami na kitabu kinakwenda nami. Nikiacha simu, mtu akinipigia kitabu kinanyamaza na mzee anasikia mlio wa wito barazani. Zaidi ya hayo, hapendi kuomba kila mara awashiwe. Pleya anaijua kwa kuipapasa, kitufe cha juu kulia ndicho cha kuendelea.

Majibu ya kadi yametoka, ni nzima na GB zake ni za kweli. Pole, Mkonge Mkavu. Nimempigia dada pia. Anasema cha kwanza alikinunua kwenye duka lisiloweka kufuli, na cha tatu alikipakua bure LibriVox, tovuti ya vitabu vinavyosomwa na watu wa kujitolea. Cha pili, huyu bwana mkubwa asiyeonekana, hakukinunua. Alikiazima kwenye maktaba ya mji anakoishi kupitia programu ya maktaba.

#24 Fundi wa Barabara ya Nane
Kwa hiyo Kaole na Wakili wamepigania siku nzima kitabu cha kuazima.

#25 Wakili wa Baraza
Kufuli la kitabu cha kuazima nitalitetea bila kigugumizi. Maktaba inalipia leseni, msomaji mmoja anakaa nacho kwa muda wake, muda ukiisha kinafungika ili mwingine achukue. Bila kufuli hakuna kuazima, ni kugawa.

#26 Mlinzi wa Kaole
Wakili amebadilisha upande bila kuaga. Maktaba za Marekani zilizotumia OverDrive, huduma ya kuazimisha vitabu vya kidijitali, zilikwisha kuhama kutoka WMA zenye kufuli kwenda MP3 zisizo nalo, na uazimaji haukufa. Mwenye programu alitakiwa kufuta nakala muda ukiisha.

#27 Mvuvi wa Pangani
Mimi bado nina swali juu ya cha tatu. Mafaili ya LibriVox niliyowahi kuyapakua mimi ni ya 64 kbps na 128 kbps, na ya 64 ninakumbuka yalikuwa na sampuli 22,050. Mleta uzi, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia kwenye kompyuta, au kwenye VLC ufungue taarifa za kodeki, utuambie namba unayoiona. Ikiwa ni 22,050, pakua toleo la 128 la kitabu hichohicho kabla hujahangaika kubadilisha.

#28 Mama Watatu
Na akifika kwenye pleya akague pia kile kitufe. Kuna redio ambazo mwendo huhifadhiwa kwa kila faili peke yake.

#29 Mwana wa Makorora (mleta uzi)
VLC inaonyesha 22050 Hz. Ninapakua la 128 sasa, bando likiruhusu. Kitufe cha mwendo nimekikuta, kimeandikwa alama mbili za mshale, na kwa kweli sijui kilikuwa kimekaaje kabla sijakibonyeza.

#30 Dereva wa Horohoro
Ninaomba kudandia uzi. Nimefuata maelekezo ya Fundi kwa kitabu changu cha dini, nimekata kwa dakika 10, nikaandika 001 na kuendelea, nikaweka kwenye flashi ya gari. Redio inacheza vizuri mpaka 099, kisha inarudi 001. Mafaili mengine kwenye kompyuta ninayaona.

#31 Fundi wa Barabara ya Nane
Redio nyingi za gari zina kikomo cha mafaili kwa kila folda. Gawa kwenye folda mbili, ya kwanza iishie 090.

#32 Mkonge Mkavu
Au flashi ni ya bandia. Dereva, uliinunulia wapi?